Aljebra ya Mutakura

Dereva wa tuktuk wa hapa Mutakura ana aljebra kichwani hata kama hajawahi kuiona ubaoni. Muulize saa nne asubuhi siku yake inakwendaje. Atakujibu, bila kutafuta kalamu, kwamba mpaka sasa anamfanyia kazi mwenye chombo, na kwamba faranga yake mwenyewe itaanza kuingia baada ya abiria kadhaa. Ndani ya jibu hilo mna namba hasi, mna sifuri, na mna mstari unaopanda. Kilichobaki ni kuyaandika hayo kwa namna ambayo mtu mwingine ataweza kuyasoma, kuyakagua na kupangia kesho.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Naishi mtaa huu wa kaskazini mwa Bujumbura, katika zoni ya Cibitoke, na jioni watoto wa majirani huja uani kwangu na madaftari yao. Wengi wako mwaka wa tisa, ambao ndio mwaka wa mwisho wa shule ya msingi tangu Burundi ilipoanza mfumo wa miaka tisa mwaka 2013, na mbele yao kuna mtihani wa taifa. Hesabu wanasomeshwa kwa Kifaransa. Nyumbani wanaongea Kirundi, na wengi Kiswahili pia. Wanafika na mlinganyo walioukopi ubaoni, wananiambia, "Madamu, hii inafanywaje?" Nami huwarudishia swali: "Kwanza niambieni, hii inasema nini?"

Naamini kwamba ugumu wote wa somo hili unatokana na kuruka swali hilo. Mtoto anafundishwa kurahisisha mlinganyo wiki hii, kuchora grafu wiki ijayo, na haambiwi kwamba kazi hizo mbili ni moja. Tunarahisisha ili tuone. Tunachora ili na mwenzetu aone.

Pande mbili zinazolingana

Mlinganyo ni sentensi kamili. Unasema kwamba kilicho upande huu na kilicho upande ule ni sawa. Alama ya sawasawa, vile vistari viwili tunavyoviandika kila siku, ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1557 katika kitabu cha Robert Recorde, tabibu na mwanahesabu wa Wales. Alichagua vistari viwili vya urefu mmoja kwa sababu aliona hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Kabla yake watu waliandika kwa maneno kwamba hiki ni sawa na kile.

Tuchukue mfano wa sokoni. Mama mmoja amekwenda soko la Cotebu, pale Ngagara, akanunua vifurushi 3 vya maharage. Kila kifurushi ni kilo moja, na kifuko chake kinalipiwa faranga 200. Kabla hajaondoka amerudisha kilo moja ya maharage, vifuko akabaki navyo, na muuzaji amemrudishia bei ya kilo hiyo. Mwishowe amelipa faranga 6,600. Kilo moja ni bei gani?

Bei hatuijui, kwa hiyo tunaipa herufi x. Kifurushi kimoja ni x + 200. Vifurushi vitatu ni mara tatu ya hicho. Kilo iliyorudi tunaitoa:

3(x + 200) − x = 6,600

Sasa turahisishe. Mabano yanatuambia kwamba kila kilichomo ndani kipo mara tatu: maharage mara tatu, na vifuko mara tatu.

3x + 600 − x = 6,600

Kilo tatu ukitoa moja, zinabaki mbili:

2x + 600 = 6,600

Tunatoa 600 pande zote mbili, kisha tunagawa pande zote mbili kwa 2:

2x = 6,000
x = 3,000

Kilo ni faranga 3,000. Lakini kazi haijaisha. Rudi sokoni na jibu lako ulijaribu: vifurushi vitatu vya faranga 3,200 ni 9,600, toa 3,000 zilizorudishwa, unapata 6,600. Jibu limekubali. Nawasisitizia watoto hatua hii ya kukagua kuliko nyingine zote, kwa sababu ndiyo inayowapa uwezo wa kujua wenyewe kama wamepatia. Mtoto anayekagua jibu lake hamsubiri mwalimu amwekee tiki.

Makosa ninayoyakuta kwenye madaftari ni yaleyale, na kila moja ukilisoma kama sentensi utaona uongo wake. Mwanafunzi anaandika 3(x + 200) kuwa 3x + 200. Soma: amelipia kilo tatu na kifuko kimoja, vifuko viwili vimelipiwa na nani? Mwingine anaona 2x + 600 anaandika 602x. Soma: kilo mbili za maharage na faranga mia sita zimegeuka kuwa kilo mia sita na mbili za maharage. Hata mtoto wa mwaka wa tatu atacheka. Kilo hujumlishwa na kilo, faranga na faranga.

Kosa la tatu ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linatokana na sisi walimu. Tumewafundisha wimbo: "hamisha, badilisha alama." Mtoto anaamini kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa inageuka kwa uchawi fulani. Siku mlinganyo ukiwa na sura asiyoizoea, anahamisha kisichohamishwa, au anabadilisha alama ya namba iliyopaswa kugawanya. Hakuna kinachovuka. Ile 600 haikwenda popote: tumeitoa kushoto, na kwa kuwa pande ni sawa, ilibidi tuitoe na kulia. Chochote utakachoufanyia upande mmoja, ufanyie na wa pili. Sheria ni hiyo moja, nayo inatosha kwa milinganyo yote ya namna hii.

Sheria hiyo ina umri mkubwa. Karibu mwaka 820, mjini Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun, mwanachuoni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho ndicho kilichoipa aljebra jina lake. Alionyesha namna ya kuondoa upungufu upande mmoja kwa kuongeza kiasi kilekile pande zote mbili, na namna ya kufuta vitu vinavyofanana vikiwa vimekaa pande zote. Hakuwa na x wala alama ya sawasawa. Kitabu kizima ni maneno. Na sehemu kubwa yake inashughulika na mirathi: mtu amefariki, ameacha mke, watoto, deni na wasia, kila mmoja apate nini? Familia za mtaa wa Buyenzi zinazogawa urithi kwa sheria ya Kiislamu zinafanya hesabu ya aina hiyohiyo mpaka leo. Elimu hii ilizaliwa katika shughuli za watu, ikaingia shuleni baadaye.

Namba mbili zinakufikisha mahali

Mpaka hapa tulikuwa na kisichojulikana kimoja, na jibu lilikuwa namba moja. Maisha mara nyingi yanatupa vitu viwili vinavyobadilika pamoja: saa na umbali, abiria na mapato, mwinuko na baridi. Hapo jibu linakuwa orodha ndefu isiyokwisha, na macho yanahitaji msaada.

Watu wa Mutakura wana msaada huo barabarani. Avenyu zetu zinaitwa kwa namba. Mgeni akipiga simu amepotea, unamwambia avenyu ya ngapi, kisha nyumba namba ngapi, naye anafika. Namba ya kwanza peke yake ingemwacha akizunguka mtaa mzima. Mbili zinamleta mlangoni. Grafu inafanya kazi hivyo hivyo. Tunachora mstari mmoja wa kulala, ndio mhimili wa x, na mmoja wa kusimama, mhimili wa y. Pale inapokatana ni sifuri. Kila nukta kwenye karatasi inapewa namba mbili, ya kwanza ya kulala, ya pili ya kusimama. Namba hizo ndizo majiranukta. Nukta (2, 9) maana yake nenda hatua 2 kulia, kisha panda hatua 9.

Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha jiometria cha mwaka 1637, ndiye aliyeonyesha kwa nguvu kwamba mlinganyo na umbo ni kitu kimoja kilichosemwa kwa njia mbili. Ndiye pia aliyezoesha dunia kutumia x, y na z kwa visivyojulikana, na a, b na c kwa vinavyojulikana.

Sasa angalia mlinganyo wa aina inayopenda kutokea kwenye mtihani:

3y − 6 = 6x + 9

Ukiutazama hivi hauoni kitu. Turahisishe. Ongeza 6 pande zote: 3y = 6x + 15. Gawa kila kitu kwa 3:

y = 2x + 5

Sasa mlinganyo umefunguka. Ile 5 inasema mahali pa kuanzia: x ikiwa 0, y ni 5. Ile 2 inasema mwendo: kila x inapoongezeka kwa 1, y inaongezeka kwa 2. Kwa hiyo nukta ni (0, 5), (1, 7), (2, 9), (3, 11). Ziweke kwenye daftari la miraba, weka rula, zote ziko kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ndiyo maana unaitwa mlinganyo wa mstari. Ongezeko lile la kila hatua huitwa mwinamo. Likiwa kubwa, mstari unapanda kwa ukali. Likiwa dogo, unapanda polepole. Likiwa hasi, mstari unashuka.

Nukta mbili zinatosha kuchora mstari. Mimi hudai ya tatu, kwa sababu ile ya tatu ndiyo shahidi. Ikikataa kukaa kwenye rula, kuna hesabu imekosewa na mtoto ameigundua kabla hajaambiwa na mtu.

Siku ya tuktuk kwenye karatasi

Machi 2022 pikipiki, baiskeli na tuktuk zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji la Bujumbura, kwa hiyo vijana wengi wanazunguka huku kwetu, Cibitoke, Kinama na Kamenge. Namba nitakazotumia ni za mfano tu, kila dereva atie zake.

Tuseme abiria mmoja analipa faranga 2,000. Mafuta ya kumfikisha yanakula 500. Jioni dereva anatakiwa kumpelekea mwenye chombo 45,000. Akibeba abiria x, kinachobaki mfukoni mwake ni y:

y = 2,000x − 500x − 45,000

Rahisisha: x na x ni kitu kimoja, kwa hiyo

y = 1,500x − 45,000

Asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, x ni 0 na y ni −45,000. Mstari unaanzia chini kabisa ya mhimili wa kulala. Huko chini ndiko dereva anakokaa saa zote zile anazosema anamfanyia kazi mwenye chombo. Lini atatoka? Pale y inapokuwa 0. Yaani 1,500x = 45,000, na x = 30. Abiria wa 30 anamfikisha sifuri. Wa 31 ndiye wa kwanza kumwachia kitu. Akifika abiria 50, ana 30,000 zake.

Sasa leta shida ambayo Burundi nzima inaijua: mafuta yameadimika, na yakipatikana ni kwa bei ya juu. Tuseme sasa kila abiria anakula mafuta ya 800 badala ya 500. Mlinganyo unakuwa y = 1,200x − 45,000. Chora mstari huu wa pili kwenye karatasi ileile. Unaanzia palepale, lakini unapanda kwa uvivu zaidi. Unakata sifuri kwenye 37.5, na kwa kuwa hakuna nusu ya abiria, ni mpaka abiria wa 38. Wale abiria 50 waliokuwa wanamwachia 30,000 sasa wanamwachia 15,000. Mafuta yameongezeka faranga 300 tu kwa kila abiria, mapato ya siku yamekatika nusu.

Nilipomchorea jirani yangu, dereva wa tuktuk, mistari hiyo miwili alikaa akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza mwenye chombo akipunguza dai lake kutoka 45,000 mpaka 36,000, mstari utakwenda wapi. Ni swali la mwanahesabu. Mwinamo haubadiliki, mstari mzima unanyanyuka, na sifuri inakatwa kwenye abiria wa 30, kama zamani. Alikuwa na hoja mkononi ya kumpelekea mwenye chombo, iliyoandikwa, ambayo mwenye chombo angeweza kuikagua mwenyewe.

Mistari inapokutana

Mistari miwili yenye mwinamo tofauti lazima ikutane mahali fulani, na mahali hapo pana habari. Kutoka Bujumbura mpaka Gitega, ambayo ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, ni kama kilomita 100. Basi moja linaondoka Bujumbura saa moja asubuhi. Linapanda milima, kwa hiyo tulipe wastani wa kilomita 40 kwa saa. Wakati huohuo lingine linaondoka Gitega kuteremka kwetu, kilomita 60 kwa saa. Tupime umbali kutoka Bujumbura. La kwanza ni y = 40x. La pili linaanzia 100 na kupungua: y = 100 − 60x.

Yanapopishana, y zao ni sawa: 40x = 100 − 60x. Ongeza 60x pande zote, unapata 100x = 100, x = 1. Saa mbili asubuhi, kilomita 40 kutoka Bujumbura, mbele kidogo ya Bugarama huko milimani, abiria wa mabasi hayo wanaweza kupungiana mikono. Kwenye grafu ni pale tu mistari inapokatana. Wafaransa walipanga treni zao kwa michoro ya namna hii katika karne ya 19. Mwanasayansi Étienne-Jules Marey aliuchapisha mmoja wa njia ya Paris na Lyon katika kitabu chake, kila treni ikiwa mstari mmoja, na treni yenye kasi ikiwa mstari mkali zaidi. Reli ya Uvinza hadi Musongati, ambayo Tanzania na Burundi zimekubaliana kuijenga, nayo itahitaji watu wanaojua kusoma michoro hiyo. Kwa nini wasiwe watoto wa hapa?

Na mistari yenye mwinamo mmoja lakini mianzo tofauti haikutani kamwe. Watoto wawili wanaoweka akiba ya faranga 500 kila wiki, mmoja akiwa ametangulia na 3,000, watabaki wakitofautiana 3,000 mpaka mmoja abadilishe mwendo.

Njia hiyohiyo ya Bugarama inatupa mstari unaoshuka. Kwa wastani hewa inapoa kama nyuzi 6.5 kila unapopanda kilomita moja. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, Bugarama karibu mita 2,200. Kukiwa na nyuzi 29 kando ya ziwa, joto huko juu ni y = 29 − 6.5x, na x, yaani kilomita unazopanda kutoka ziwani, ni kama 1.4. Jibu ni karibu 20. Akina mama wanaokwenda kuchukua kabichi Bugarama hubeba sweta kutoka Mutakura jua likiwaka. Wanaujua mwinamo wa mstari huo kwa ngozi zao.

Rula ina mpaka wake

Nisingekuwa mwalimu mwaminifu kama ningeishia hapo. Mstari ulionyooka ni kweli pale tu ongezeko linapokuwa lilelile kila hatua. Ziwa letu halifuati rula. Maji hupanda wakati wa mvua na kushuka kiangazi, na katika miaka ya karibuni, kama 2021 na 2024, yalipanda mpaka yakaingia nyumba za Gatumba na mitaa ya kando ya ziwa. Mtu akichora kimo cha maji kuanzia Januari mpaka Aprili, kisha akaurefusha mstari wake mpaka Agosti, atakosea vibaya. Deni ambalo riba yake huzaa riba nyingine nalo linapinda kwenda juu, na anayelichora kwa rula atashtuka siku ya kulipa. Kujua mlinganyo wa mstari ni pamoja na kujua mahali usipofaa.

Wazazi huniambia, "Madamu, mimi hesabu hizi sikuzisoma, nitamsaidiaje mtoto?" Nawaambia wanaweza. Mama anayeuza ndagala, baba anayejenga kwa kibarua, kila mmoja anaweza kukaa na mtoto mbele ya daftari na kumuuliza maswali manne. Inaanzia wapi? Inaongezeka au inapungua kiasi gani kila hatua? Itafika sifuri lini? Na mwendo huu utaendelea kuwa kweli mpaka wapi? Mzazi hahitaji kujua majibu. Anachohitaji ni kusikiliza kama mtoto anaeleza au anabahatisha, na kumwambia, "Nionyeshe ulivyokagua."

Mtoto anayeweza kujibu maswali hayo manne kuhusu y = 2x + 5 ataweza kuyajibu kuhusu bei, kodi, mshahara na mkopo, na kuhusu mkataba wowote atakaowekewa mezani aambiwe atie sahihi.